Maoni Niliyoyafuta

Mwenzangu nilimfahamu siku aliyopasuliwa nyusi. Alikuwa ameketi chini pembeni ya soko, hatua chache kutoka duka langu la kuchapa na kutoa nakala, na ndoo mbili za samli mbele yake. Vijana watatu wa wakala wa ushuru wakamjia. Miaka ile kila kitu kilikuwa kimefunguliwa. Mahindi alinunua yeyote mwenye lori, laini za simu ziligawiwa barabarani kama vipeperushi, na hata ushuru wa soko alikuwa amepewa mtu binafsi aukusanye na yeye apate chake. Yule mama hakuwa na risiti. Akasema atalipa akishauza. Mmoja wao akaipiga teke ndoo ya kwanza, na alipoinuka kuikinga ya pili, akapigwa na rungu usoni.

Hakupiga kelele. Alikaa tena chini palepale, damu ikimtiririka hadi kwenye kitenge, akaanza kuikusanya samli kwa viganja pamoja na mchanga.

"Dada, iache hiyo," nikamwambia. "Ingia ndani."

"Ng'ombe wamehangaika kuitoa hii," akanijibu kwa Kiswahili chenye lafudhi ya Kisukuma. "Siwezi kuiacha hivihivi."

Nilimwingiza dukani, nikambana jeraha kwa kanga yangu. Tulipokuwa tunasubiri damu ikate akaniambia kwamba anatoka bondeni, upande wa Milepa, kwamba yeye na mume wake walihamia huko na mifugo kutoka Shinyanga, na kwamba kila akipanda huku juu kwetu Ufipa anapigwa au ananyang'anywa. Alikuwa amenizidi kama miaka sita. Nilionja samli iliyobaki kwa ncha ya kidole. Mimi ni Mfipa, mtoto wa wakulima wa mahindi na ulezi, nyumbani kwetu samli ilikuwa kitu cha sikukuu. Sikuwahi kuonja iliyo nzuri kama ile.

Hapo ndipo biashara yetu ilipoanza. Yeye angepika, mimi ningeuza. Hakuhitaji tena kukaa chini sokoni.

Muda mfupi kabla ya hapo nilikuwa nimehudhuria mafunzo ya siku tatu Mbeya, ya kutangaza biashara mtandaoni. Mwalimu wetu, kijana aliyevaa suti isiyomtosha mabega, alitufundisha mambo ambayo nilikuja kuyaamini kama katekisimu. Bidhaa iwe na jina moja na rangi moja. Uso wako uonekane, watu hununua kwa mtu. Jibu ujumbe haraka. Na akatuambia, akigonga meza, "Maoni mabaya usiyaache yakalala kwenye ukurasa wako. Futa. Oni moja baya linafukuza wateja mia."

Niliandika hiyo kwenye daftari na kuipigia mstari.

Nikachora nembo mwenyewe kwenye kompyuta ya duka: kibuyu cha njano, pembe mbili za ng'ombe, na maneno "Samli ya Bondeni". Nikachapa lebo, nikanunua makopo ya plastiki yenye vifuniko vyekundu. Picha ya kwanza kwenye ukurasa ilikuwa yangu mimi, nimefunga kilemba cha bluu, nimeshika kopo karibu na shavu, ninacheka. Ndani ya wiki moja nikaanza kupata oda kutoka Mbeya, kisha Iringa, kisha Dar es Salaam. Makopo yakawa yanakwenda kwa basi, yamefungwa kwenye maboksi ya karatasi za kuchapia.

Nisiseme uongo, nilinogewa. Mtu ambaye alizoea kuwachapia wengine vyeti vya ubatizo na barua za kuomba kazi, leo anaamka na kukuta watu wasiomjua wamempenda na kumwandikia "hongera mama", "nakutakia baraka". Nilikuwa nimeachana na mume aliyenipiga miaka tisa. Yule bwana aliwahi kunivunjia simu kwa kuikanyaga na kisha kunikanyaga mimi mkono niliponyoosha kuiokota. Kwa hiyo ile simu ya kupangusa, na zile sifa ndani yake, zilikuwa kwangu kitu ambacho hakuna mwanamume angeweza kukikanyaga. Nilizilinda kwa wivu.

Wateja wakaanza kuuliza. "Tuonyesheni ng'ombe basi." "Tutajuaje kama siyo mafuta ya kiwandani?" Nikamwambia mwenzangu kwamba lazima nishuke bondeni kupiga picha.

Nilishuka katikati ya masika, mahindi yakiwa yanabeba. Gari lilinishusha Milepa, bodaboda ikanipeleka hadi kwenye boma lao. Mume wake nilimwona siku hiyo kwa mara ya kwanza. Alikuwa mrefu, mwenye makovu mawili mgongoni ya mkuki, na hakuwa mtu wa maneno. Mwenzangu alishanisimulia kwamba makovu yale aliyapata walipofukuzwa mahali pa kwanza walipohamia, ambako ng'ombe wao thelathini waliuawa kwa sumu kwenye maji. Tangu hapo, alisema, mume wake halali bila fimbo ubavuni, na mtu akimkaribia kwa ghafla humpiga kwanza ndipo amwulize.

Alfajiri, tukaenda walipokuwa ng'ombe. Walikuwa wengi, wamenona, wamesimama kwenye kijani hadi matumboni, na nyuma yao ukuta wa milima ya Ufipa ukianza kupata jua. Nilipiga picha nyingi kabla sijaangalia chini nilipokuwa nimekanyaga. Yalikuwa mabua ya mahindi. Yametafunwa, yamevunjwa, mengine bado yana mbelewele. Katikati ya shamba palikuwa na dungu, kile kichanja cha juu cha kulindia mazao, limeinamia upande mmoja, na nguzo yake moja imevunjika.

"Haya mahindi ya nani?" nikauliza.

Mume wake akacheka kidogo. "Yalikuwa ya mtu," akasema. "Sasa ni ya ng'ombe."

Nikamtazama mwenzangu. Alikuwa ameinama, anafunga upya kitenge chake, na alichukua muda mrefu kukifunga.

Sikuuliza tena. Nilipanda na gari la mchana, na usiku huo nikachagua picha moja, iliyokuwa bora kuliko zote. Upande wa kushoto wa picha mabua yaliyolala yalionekana wazi, hivyo nikaukata. Dungu lilibaki kwa mbali, dogo, na mimi nikaona linaipa picha uzuri wa kijijini. Nikaandika chini yake: "Ng'ombe wetu wanakula kijani cha Bonde la Rukwa. Ndiyo maana samli yetu ni tamu."

Haikuwahi kutokea picha yangu kupendwa vile. Watu waliisambaza. Watu wa Ufipa walioko mbali waliandika kwamba wamekumbuka nyumbani. Nilikuwa nachapa barua ya mtu kwa mkono mmoja, mkono mwingine nikishusha maoni.

Siku ya tatu nikakuta oni la kijana mmoja. Picha yake ndogo ilimwonyesha amesimama kando ya mzani wa magunia, amevaa fulana nyekundu. Aliandika: "Hilo ni shamba la baba yangu. Ninalijua dungu letu. Hao ng'ombe wamekula chakula chetu cha mwaka."

Nililisoma mara mbili. Kisha nikalifuta.

Jioni akaandika tena. Nikafuta. Kesho yake akaandika kwa urefu, kwamba yeye anafanya kazi kwa mnunuzi wa mahindi Laela, kwamba baba yake ameshapeleka malalamiko kwenye uongozi wa kijiji na kuambiwa alete ushahidi, kwamba wafugaji wamekana, na kwamba picha yangu ndiyo ushahidi wenyewe. Mteja mmoja wa Dar akawa ameshaanza kumjibu, anauliza, "Ni kweli haya?" Nikafuta la kijana, nikafuta na la mteja.

Ndipo akanipigia. Namba yangu ilikuwa imeandikwa wazi kwenye ukurasa.

"Shikamoo mama," akasema.

"Marahaba."

"Mimi ndiye yule unayenifuta."

Nyuma yake nilisikia honi ya basi na watu wanapiga kelele za kuuza mahindi ya kuchoma.

"Mama, sitaki ugomvi na biashara yako," akaendelea. "Nataka kitu kimoja tu. Nitajie siku uliyoipiga hiyo picha. Nitumie ile yenyewe ambayo hujaikata. Nikiipeleka kijijini baba atalipwa, yaishe."

"Kaka, hii ni namba ya biashara," nikamwambia. "Malalamiko ya mashamba peleka serikalini."

"Tumepeleka. Wanasema hatuna ushahidi. Ushahidi unao wewe."

"Mimi sijui mambo ya mashamba yenu. Usinipigie tena."

Akawa bado anazungumza nilipokata. Kisha nikamzuia, kwenye simu na kwenye ukurasa, asiweze kuandika wala kuniona. Kazi ile ilichukua muda mfupi kuliko kuwasha jiko. Nilijisikia nimefanya kama mtu aliyefundishwa kazi.

Sikumwambia mwenzangu lolote.

Siku nne baadaye nikashuka tena bondeni kuchukua samli. Oda zilikuwa nyingi mno. Ilikuwa kama saa nne asubuhi, jua kali, watoto wake wako shuleni, sisi wawili tuko nje ya nyumba yake, sufuria kubwa motoni, samli inachemka inatoa povu jeupe. Mume wake alikuwa anamtengeneza ndama kwato. Mbwa wakaanza kubweka, kisha wakabweka kwa namna nyingine, na mbwa mmoja akalia mara moja tu akanyamaza.

Wakatokea kutoka upande wa mto. Walikuwa kama ishirini, wote wanaume, wengi wana mapanga, wengine majembe. Aliyetangulia alikuwa amevaa fulana nyekundu. Nilimtambua papo hapo. Hakuwa na panga. Alikuwa ameinua simu mbele yake kwa mkono mmoja, kioo chenye ile picha yangu, aliyokuwa ameihifadhi, kikiwa kimeelekezwa kwetu, anakwenda moja kwa moja kwa mume wa mwenzangu.

"Hii nini?" alikuwa anapaza sauti. "Wewe si ulisema hukuingia? Hii nini hapa? Hii nini?"

Akamsogezea simu usoni.

Nimeshajiuliza mara nyingi kama yule bwana aliiona ile picha. Sidhani. Aliona mkono unakuja usoni kwake na watu wenye mapanga nyuma. Fimbo ilikuwa imelala pembeni ya ndama. Aliiokota na kuizungusha kwa mwendo mmoja, ikampata kijana juu ya sikio. Nilisikia ule mlio. Ulikuwa mdogo, mkavu. Kijana akasimama wima kwa kitambo, bado ameshika simu, anaonekana kama mtu anayejaribu kukumbuka neno. Kisha magoti yakalegea, akaanguka kifudifudi kwenye samadi.

Baada ya hapo hapakuwa na maneno tena. Walimvamia yule bwana wote kwa pamoja. Aliinua mkono kujikinga na panga likauchukua kwenye kifundo, ukabaki unaning'inia kwa ngozi. Alipigana na mkono mmoja, akauma mtu shingoni, wakamkata mgongoni na miguuni mpaka akalala. Wengine walikwenda kwenye zizi. Hawakuwachinja ng'ombe. Waliwakata kano za miguu ya nyuma, mmoja baada ya mwingine, na ng'ombe wakawa wanakaa chini kama mbwa, wanajaribu kuinuka kwa miguu ya mbele, wanalia. Nimesikia watu wakifa maishani mwangu. Sijasikia sauti ya kufanana na ile.

Mwenzangu alikuwa amekimbilia kwa mume wake. Kijana mmoja akamvuta kwa nywele, mwingine akaipiga teke sufuria iliyokuwa motoni. Samli yote ikammwagikia mapajani hadi miguuni. Aliruka, akaanguka, akawa anajiburuza kuelekea nilipokuwa nimesimama, ameninyooshea mkono.

"Mdogo wangu," akaniita. "Mdogo wangu, nishike."

Mbele yangu alikuwa amesimama mtu mzima mwenye panga lenye damu mpaka kwenye mpini. Alikuwa ananitazama usoni, anafinya macho.

"Wewe nimekuona wapi?" akauliza. "Wewe ni wa humu?"

Nilimjibu kwa Kifipa. Kilinitoka chenyewe, Kifipa cha nyumbani kwa mama yangu, pamoja na heshima zake zote. Nikamwambia kwamba mimi ni mtoto wa huko juu, nimekuja kununua maziwa tu, na watu hawa siwajui. Niliushusha mtandio wangu karibu na macho wakati nikisema, maana nilikuwa nimejua aliniona wapi. Yule mtu akanitazama tena kidogo, kisha akaniambia, kwa Kifipa, niondoke haraka nisije nikaumizwa bure.

Nikaondoka. Nilimpita mwenzangu kwa umbali wa hatua mbili. Alikuwa ameishi na Wafipa miaka kumi na mbili na alikielewa Kifipa vizuri kabisa.

Nilisimama nyuma ya mti wa miiba, mbali kidogo, hadi walipoondoka wamembeba kijana wao. Hapo ndipo niliporudi. Nilimkuta mwenzangu kimya, macho wazi, ngozi ya miguu imekunjamana kama kitambaa kilichoungua. Nilimfunga mume wake mkono kwa kamba ya ndama. Mtu mwenye gari la mizigo alikubali kutupandisha hospitali, na njia nzima ya kupanda ule mlima, kona baada ya kona, nilikuwa nimekaa katikati yao nikiwashika wasibiringike. Nilipomwekea mwenzangu mkono begani aliutoa, taratibu, kama mtu anayeondoa jani lililomdondokea.

Kijana wa fulana nyekundu alifia njiani kabla hajafikishwa kwenye zahanati.

Nilikwenda kwenye maziko yake. Sijui nilitaka nini. Labda nilitaka niwe mmoja wa wanawake wengi wanaolia, nilie nao, niondoke. Nilisahau kwamba uso wangu ulikuwa kwenye kila kopo na kwenye simu za nusu ya watu waliokuwa pale. Nilikuwa sijafika hata kwenye jamvi mama wa marehemu aliponiona. Alikuwa mwanamke mdogo wa umbo, mkavu. Aliinuka katikati ya wenzake akaja akanishika shingoni kwa mikono miwili.

"Wewe!" akasema. "Mwanangu alikaa kwangu siku mbili na simu yake. 'Mama, kila nikiandika ananifuta. Mama, ananifuta.' Umemfuta, haya, umemfuta!"

Alinipiga kwa ngumi, kisha kwa jiwe la mafiga alilookota. Alinivunja jino na kunichana shavu kwa kucha. Wanawake waliokaa walitazama. Hakuna aliyeinuka, na mimi sikuinua mkono. Kupigwa nilikuwa nimejifunza kwa mume wangu, najua kulegeza mwili ili mifupa isivunjike, lakini siku ile sikuulegeza. Mwishowe alikuja mzee mmoja akamshika mama yule viganja, akamwondoa. Huyo mzee alikuwa baba wa marehemu. Hakunitazama.

"Nenda, mama," akasema. "Nenda kabla vijana hawajaja."

Nilikwenda moja kwa moja polisi, damu ikiwa haijakauka mdomoni. Askari akadhani nimekuja kushtaki. Nikamwekea simu mezani, nikamwonyesha picha yote kabla sijaikata, yenye mabua, yenye dungu, na saa na siku iliyoandikwa na simu yenyewe. Nikamweleza maoni niliyoyafuta na jinsi nilivyokata simu. Aliandika kila kitu polepole. Alipomaliza akaniuliza kwa nini sikumtajia marehemu tarehe ya picha, maana ni neno moja tu. Nikamjibu kwamba niliogopa ukurasa utachafuka. Akaniangalia, akaandika na hilo.

Ilipita kama miezi miwili, mwezi wa sita, upepo wa baridi unapuliza vumbi sokoni, mtu akaingia dukani akavua kofia. Alikuwa yule mzee.

"Shikamoo baba," nikasema, nikasimama.

"Marahaba. Wanasema wewe unachapa picha."

"Ndiyo, baba."

"Simu ya mwanangu ilivunjika siku ile. Ukutani hatuna sura yake. Mjukuu ameniambia kwamba picha zake ziko huko mnakoandikiana. Nitolee moja."

Ilinibidi nimfungulie kijana ili nizione. Nilimtafuta katika orodha ya watu niliowazuia, alikuwa peke yake humo. Nikamwondolea zuio na ukurasa wake ukafunguka mbele yetu: yupo Laela juu ya magunia, yupo kwenye harusi ya mtu, yupo na mama yake amemkumbatia kwa nyuma, mama anakunja uso kwa aibu ya kupigwa picha. Mzee alisogea karibu na kioo cha kompyuta mpaka pumzi yake ikakitia ukungu. Chini ya picha ya mwisho kijana alikuwa ameandika, siku moja kabla ya kufa kwake: "Kuna mtu mwenye namba nyingine ya mama wa samli? Nataka tu kuongea naye."

Mzee hakujua kusoma. Akaniuliza, "Hapo amesema nini?"

Nikamsomea. Nilisoma neno kwa neno, kwa sauti.

Kisha akachagua ile ya harusi, kwa sababu mwanawe alikuwa amevaa shati. Niliichapa kwa ukubwa wa karatasi nzima. Alitaka kunilipa, nikakataa, akaziweka noti kwenye meza vilevile akatoka.

Kesi iliendeshwa mpaka mwaka uliofuata. Waliokata ng'ombe na waliomkata mume wa mwenzangu walifungwa baadhi yao. Mume wa mwenzangu naye, akiwa na mkono mmoja, alifungwa kwa kuua bila kukusudia. Mimi nilitoa ushahidi pande zote mbili. Nilisema aliyoyasema kuhusu mahindi, nilisema alivyozungusha fimbo, na nilisema pia kwamba simu ilisogezwa usoni kwake ghafla. Wakili akaniuliza kama mimi ni rafiki wa familia. Mwenzangu alikuwa ameketi benchi la nyuma, miguu imefunikwa kwa kanga mbili. Nikasema, "Nilikuwa."

Ukurasa sikuuvunja. Niliandika pale yote yaliyotokea, kwa Kiswahili cha kawaida, nikaweka picha nzima. Matusi yalikuja kwa wiki nyingi. Wafipa waliniita msaliti aliyelisha Wasukuma mahindi ya ndugu zake, Wasukuma wakaniita nyoka. Mmoja aliandika atanichoma moto na duka langu, na kweli siku moja nilikuta chupa ya petroli imevunjwa mlangoni, haijawashwa. Niliosha kwa sabuni nikafungua duka. Katikati ya matusi hayo bado wapo waliokuwa wanauliza, "Samli mnayo? Mbeya mnaleta?"

Mwenzangu alikuja mara moja tu. Ilikuwa asubuhi, lori limesimama barabarani na ng'ombe wachache waliobaki juu yake, na watoto wake mbele na dereva. Alitembea kwa kuvuta mguu. Aliingia akasimama mbele ya meza, kovu la zamani bado likigawanya nyusi yake.

"Tunahama," akasema. "Nimeona nisipite kimya."

"Mnakwenda wapi, dada?"

"Mbali." Akatazama printa, akatazama maboksi. "Mahakamani ulisema ulichokiona."

"Nilisema, dada."

"Na siku ile, uliposema hunijui. Ulikuwa umeona nini?"

Nilitaka kumwambia kuhusu panga, na kuhusu yule mtu alivyofinya macho. Lakini alikuwepo. Alikuwa chini pale, aliona panga lilelile.

"Niliogopa," nikasema.

"Mimi pia niliogopa," akasema. "Nikakuita."

Nje dereva akapiga honi. Alinyoosha mkono, nikadhani ananiaga, nikaushika kwa mikono yangu yote miwili. Aliuacha humo kwa muda, ukiwa mzito na mkavu, kisha akautoa. Alipanda lori kwa shida, mtu akimsukuma kwa nyuma, na hakugeuka. Lori likashika barabara ya Laela. Mteja alikuwa amesubiri mlangoni na cheti chake cha kutoa nakala, nikakipokea.